Binti kafungwa waya za meno, hali wala halali. Mnawatulizaje watoto wenu?

Mama Sabra #1
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, Chikongola. Binti yangu ana miaka 12, meno ya juu yalipandana sana, chonge moja ilikuwa imechomoza juu kabisa kwenye ufizi. Msimu wa korosho baba yake kajitahidi, tukampeleka Dar, juzi kafungwa waya juu na chini. Pale kliniki alikuwa anacheka, anajiangalia kwenye kioo. Basi liliposimama Nangurukuru nikamnunulia chakula, akashindwa kutafuna. Kuanzia hapo ni kilio. Anasema yanauma yote kwa pamoja, hajui hata lipi. Ndani ya shavu la kushoto pamechubuka, kuna ncha ya waya inamchoma.

Mama mkwe anasema zing'olewe, mtoto asiteswe kwa ajili ya urembo. Jirani kaniletea diklofenaki, eti niivunje nusu. Sijampa. Naomba mliopitia mniambie: maumivu haya huchukua muda gani, mnawapa nini, wanakula nini? Kurudi Dar ni zaidi ya kilomita 500 na mfuko umetoboka.

Mtoto wa Nachingwea #2
Pole dada. Hiyo diklofenaki rudisha kwa mwenyewe. Wajuzi wanakuja.

Baba Mapacha #3
Mama Sabra, tulia kwanza. Wangu walifungwa wote wawili siku moja, kwa hiyo nilikuwa na vilio viwili nyumba moja. Siku ya kwanza usiku na siku ya pili ndizo mbaya. Baada ya hapo yanashuka, na wiki ikiisha utamkuta anaiba sukari jikoni kama kawaida yake.

Sisi tulimpa kila mmoja Panadol kabla ya kula, siyo baada ya kuanza kulia. Ukisubiri mpaka alie, chakula kinapoa na yeye amekwisha kununa. Dawa kwanza, nusu saa, ndipo uji.

Cha ajabu, mapacha hao hao, daktari yule yule, waya zile zile: mmoja aliumwa sana, mwenzake akalala usingizi wake. Mpaka leo sijaelewa kwa nini.

Kinywa Safi #4
Habari zenu. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, nafanya kazi mkoa wa Lindi. Naomba nieleze kidogo, maana mama akijua kinachoendelea mdomoni mwa mtoto hatakimbilia kung'oa.

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzinyuzi nyembamba zenye damu na mishipa ya fahamu. Waya ikisukuma, upande mmoja nyuzi hizo zinabanwa na damu inapungua, upande wa pili zinavutwa. Mwili unatoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta maumivu, na ndizo pia zinazoamsha seli za kumeng'enya mfupa upande uliobanwa, huku upande uliovutwa mfupa mpya ukijengwa. Jino linahama kwa njia hiyo.

Kazi hiyo haianzi dakika ile ile. Inachukua saa kadhaa, ndiyo maana kliniki alicheka na Nangurukuru akalia. Maumivu hufika kileleni kama baada ya siku moja, kisha yanapungua. Meno kulegea kidogo siku hizi ni kawaida, usiogope.

Dawa: parasetamoli kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi, saa 4 hadi 6 kati ya dozi na dozi, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini asipewe kabisa, watoto chini ya miaka 16 inaweza kuwaletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Diklofenaki ya kuvunja kwa makadirio, hapana.

Na jambo moja wazazi wa huku kusini tulishike: waya za meno hazileti homa kali. Mtoto akichemka mwili msiseme "ni meno", mpimeni malaria.

Mkulima Tandahimba #5
Yaani pesa ya korosho imemfunga mtoto waya ili asile korosho. Mama Sabra, umetuangusha wakulima wenzako!

Natania tu, pole sana. Ila ni kweli zile za kuchoma asiguse, zitamng'oa hivyo vidude vinavyoshikilia waya kwenye meno. Kwangu vilibanduka viwili wiki ya kwanza, baba yangu akaninunia mwezi mzima.

Bi Mkubwa Mikindani #6
Mwanangu mama Sabra, chukua maji ya uvuguvugu, tia chumvi nusu kijiko cha chai kwenye kikombe, asukutue asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Asiyameze. Lile chubuko litakauka. Meno yanayouma mpakie mafuta ya karafuu, sisi tumelelewa hivyo.

Mkweo msikilize kwa heshima lakini usimfuate. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Newala, meno yake ya mbele yalichongwa yakawa na ncha, uso una chale, na ndonya, kile kipambo cha mdomo wa juu, alivaa. Alikuwa akisimulia maumivu yale bila kulia. Kila zama mtoto anapitia lake ili apendeze, na hili la sasa lina faida zaidi ya kupendeza: meno yaliyopangika yanasafishika.

Kinywa Safi #7
Bi Mkubwa, shikamoo. La chumvi liko sawasawa kabisa. La karafuu naomba nipunguze: mafuta yenyewe matupu yana eujenoli nyingi, yanababua ufizi na ulimi, hasa kwa mtoto mwenye chubuko tayari. Isitoshe, karafuu husaidia jino lililotoboka likafika kwenye neva. Hapa jino ni zima, kinachouma ni zile nyuzi zinazozunguka mzizi ndani ya mfupa, mafuta hayafiki huko.

Bi Mkubwa Mikindani #8
Marahaba. Sawa daktari. Lakini karafuu nzima iliyochemshwa kwenye chai ya kusukutulia haijamuua mtu, hilo sitaliacha.

Fundi Mingoyo #9
Mimi nina mtazamo tofauti na daktari. Kaza kaza ya siku ya kwanza ndiyo inayowaumiza watoto. Wanakaza sana ili meno yahame haraka. Mtoto wa kaka yangu alifungwa kliniki nyingine, wakamwekea waya nyembamba sana, hakumeza hata kidonge. Kwa hiyo ukiniuliza, mtoto anayelia siku mbili amekazwa kupita kiasi, apelekwe alegezwe.

Mwalimu wa Sayansi #10
Fundi #9, hapo sikubaliani nawe. Waya ya kwanza karibu kila mahali ni nyembamba, mara nyingi ya nikeli na titani, na haikazwi kama bolti. Ina kumbukumbu ya umbo lake: inapindishwa ifuate meno yaliyopinda, halafu yenyewe inarudi polepole kwenye umbo la asili na kuyavuta.

Na hapa ndipo nampa mama Sabra jambo la kujaribu. Waya nyingi za aina hiyo zinategemea joto. Zikipoa zinakuwa laini na kupunguza nguvu, zikipata joto la mdomo zinakaza tena. Kwa hiyo maji ya baridi, maziwa mgando ya baridi, dafu lililokaa kwenye friji, vyote vinampa nafuu ya muda. Uji wa moto unafanya kinyume. Ampoze kwanza.

Bi Mkubwa Mikindani #11
Baridi kwenye meno yanayouma? Mwalimu, utamzidishia mtoto wa watu. Uvuguvugu ndiyo unaotuliza.

Baba Mapacha #12
Kwangu yule aliyeumwa alipenda barafu ya kunyonya, ile ya ukwaju, ananyonya tu bila kutafuna. Sasa sijui ni waya ililegea au ni utamu wa barafu. Mama Sabra, mpe vyote viwili achague mwenyewe. Mtoto akipewa uamuzi hata mdogo analia kidogo zaidi.

Dada wa Duka la Dawa #13
Niko Ruangwa. Daktari #4 kasema parasetamoli, lakini mimi naona ibuprofeni inafaa zaidi kwa sababu inakwenda kwenye chanzo chenyewe, hizo prostaglandini alizozitaja. Parasetamoli haigusi uvimbe. Muhimu asinywe tumbo tupu, na mtoto mwenye pumu au vidonda vya tumbo aulize kwanza.

Kinywa Safi #14
Dada, ndipo wataalamu wanapogawanyika. Kwa kuwa prostaglandini ndizo zinazosaidia jino kuhama, wapo mabingwa wanaohofia kwamba ukizizuia meno yatahama taratibu. Kwa wanyama wa maabara imeonekana. Kwa binadamu anayemeza siku mbili tatu sijaona sababu ya kuogopa, ila mimi naanza na parasetamoli kwa kuwa inatosha kwa wengi. Mwenzangu chumba cha pili anaanza na ibuprofeni. Hatujawahi kukubaliana.

Mchinga Mmoja #15
Mnajadili vidonge, mimi nauliza: mtoto kala nini tangu juzi? Njaa nayo inaliza. Mimi nilifungwa nikiwa mkubwa, nimeajiriwa tayari, na kilichonitesa zaidi ya meno ni kushinda na chai tupu. Mama, mpikie wali uliopondwa kwa tui, mtie na samaki wa kuchemsha umtoe miiba vizuri. Bokoboko. Muhogo wa nazi uliolainika mpaka rojo. Parachichi, papai, ndizi mbivu, mayai ya kuvuruga. Unaweza kumshibisha bila yeye kutafuna hata kidogo.

Vya kuacha muda wote wa matibabu: korosho na karanga, kashata, muwa, mahindi ya kuchoma, bisi, ubuyu wenye kokwa, kutafuna barafu. Na asing'ate embe bichi, likatwe vipande vyembamba.

Mtoto wa Nachingwea #16
Na ming'oko, vile viazi pori, je? Imechemshwa, ni laini.

Mchinga Mmoja #17
Ming'oko ina nyuzi, zitanasa kwenye waya. Na nyinyi wa Nachingwea mnaimenya kwa meno, nawajua.

Mtoto wa Nachingwea #18
Lindi nzima inaimenya kwa meno, usitutenge! Ukiisaga baada ya kuchemsha inafaa, nyuzi unazichuja.

Mama Sabra #19
Nawashukuru sana, nasoma kila neno. Nimempa parasetamoli kwa uzito wake, amekunywa uji wa ulezi uliopoa nusu bakuli, sasa amelala. Jambo moja: kwenye mfuko tuliopewa kliniki kuna kijiboksi kina vijiti vyeupe vilaini. Hakuna aliyetueleza ni vya nini. Na ile ncha bado inamchoma.

Kinywa Safi #20
Hiyo ndiyo nta, dada, na ndiyo dawa ya shavu. Anawe mikono. Akaushe ile sehemu inayochoma kwa kitambaa safi au pamba, kwa sababu ikiwa na mate nta haishiki. Akate kipande kidogo kiasi cha punje ya choroko, akifinyange mpaka kiwe duara, akibandike juu ya ncha na kukibonyeza. Akila akitoe, akimaliza kupiga mswaki aweke kingine. Akimeza kwa bahati mbaya hakina madhara.

Kama ni ncha ya waya ya nyuma kabisa, jaribu kuisukuma ielekee kwenye jino kwa kifutio cha penseli kipya ulichokiosha. Isiposogea, nenda kliniki yoyote ya meno hapo mjini wakukatie. Siyo lazima kurudi Dar kwa ajili ya ncha, kukata ncha ni kazi ya dakika chache. Mpigie daktari aliyemfunga umjulishe tu.

Mkulima Tandahimba #21
Nta ikiisha huku kijijini? Nta ya nyuki si inafaa? Au mshumaa?

Kinywa Safi #22
Mshumaa hapana, una rangi na vitu visivyotengenezwa kwa mdomo. Nta safi ya nyuki iliyochujwa, kwa dharura, sitaikataza. Ila omba vijiboksi viwili vitatu vya ziada unapokwenda kukaza.

Ummu Zahra Lindi #23
Jamani mimi naamini tunakosea kulaumu meno. Kwa mwanangu meno yalitulia mapema, kilichomtesa ni midomo na mashavu kusuguana na vile vidude. Ngozi ya ndani inahitaji muda iwe ngumu. Wiki ya pili hakulalamika tena. Kwa hiyo nta na chumvi zilitufaa kuliko vidonge.

Pia kuna la madrasa. Alikataa kwenda kwa sababu anasema herufi zinamtoka vibaya na wenzake wanamcheka. Ustadh wake, Mungu amlipe, akamwambia asome polepole mbele yake peke yake siku chache za mwanzo. Midomo ilizoea, sasa anasoma qaswida mbele za watu. Mama Sabra, ongea na mwalimu wake wa darasa mapema. Kuchekwa kunauma kuliko waya.

Mwalimu wa Sayansi #24
Nakuunga mkono Ummu Zahra, naliona darasani. Mwanafunzi akifungwa waya anaacha kunyoosha mkono kujibu maswali. Mimi huwaeleza darasa zima siku hiyo hiyo waya ni nini na zinafanya nini. Wakishajua, wanakuja wenyewe kuuliza kama wanaweza kuona.

Na waacheni wachague rangi za zile raba ndogo zinazofunga waya kwenye vidude. Ni kitu kidogo lakini mtoto anapata chake cha kujivunia.

Fundi Mingoyo #25
Achague nyekundu, Simba.

Mkulima Tandahimba #26
Njano na kijani, mtoto wa watu asionekane anatoka damu mdomoni.

Baba Mapacha #27
Zile zisizo na rangi epukeni. Mchuzi wa bizari mara moja tu zinageuka njano bila hata kuwa Yanga.

Fundi Mingoyo #28
Turudi kwenye hoja yangu #9. Mwalimu kaeleza vizuri, lakini hajanijibu: kwa nini mtoto mmoja analia na mwingine hapana? Baba Mapacha naye kauliza #3.

Dada wa Duka la Dawa #29
Hofu. Mtoto aliyetishwa kabla ya kufungwa anaumwa zaidi. Huyu wa Mama Sabra nyumbani wanamwambia anateswa, unategemea nini?

Kinywa Safi #30
Hofu ina sehemu yake, kweli. Na meno yaliyopandana sana yanavutwa tofauti na yaliyopinda kidogo, ingawa hata hapo maumivu hayafuati hesabu. Kwa wengine siku chache kabla huwekwa vijipete vya mpira katikati ya magego kutengeneza nafasi, na hivyo peke yake vinauma, kwa hiyo siku ya waya wanakuja wamekwisha kuchoka. Sina jibu moja, Fundi.

Mchinga Mmoja #31
Mimi niongeze la kutafuna. Daktari wangu alinikataza kabisa bigijii. Rafiki yangu aliyetibiwa kwingine aliambiwa atafune isiyo na sukari ili damu izunguke kwenye mizizi. Nani mkweli?

Kinywa Safi #32
Wote wana sababu. Uingereza waliwahi kuwalinganisha watoto, na waliopewa bigijii isiyo na sukari walitumia dawa ya maumivu kidogo kuliko wenzao. Anayekataza anaogopa vidude kubanduka na mtoto kuhamia kwenye bigijii ya sukari. Mtoto wa miaka 12 aliye kilomita 500 kutoka kwa daktari wake, mimi nisingemruhusu.

Mama wa Masasi #33
Umbali ndiyo shida yetu. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika kule Somanga, tulikuwa na ahadi ya kukaza. Tukakaa nyumbani, kidude kimoja kimebanduka, kinatembea kwenye waya. Wiki zile zote nilikuwa nawaza meno yatarudi nyuma. Daktari kwa simu akatuelekeza tukibandike nta na tusubiri. Tulipofika hakuna kilichoharibika isipokuwa jino lile moja lilibaki pale pale. Kwa hiyo wazazi wa huku, chukueni namba ya simu ya daktari kabla ya kuondoka kliniki.

Nauliza pia: chonge kuota juu ya ufizi kunasababishwa na nini? Wangu alikuwa hivyo hivyo, na bibi yake alimtolea meno ya plastiki akiwa mchanga.

Kinywa Safi #34
Mama wa Masasi, hili nimelisubiri. Hakuna ugonjwa unaoitwa meno ya plastiki. Ule uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga ni chonge la utoto linalojiandaa kuota. Akipata homa au kuharisha, watu wanalifukua kwa kitu chenye ncha, mara nyingi kichafu, na chini yake ndipo linapoanza kujengeka chonge la ukubwani. Nimewaona watoto ambao chonge la kudumu limetoka limeharibika umbo, au halikutoka kabisa. Wengine wanapata maambukizi ya damu. Homa na kuharisha vitibiwe kama homa na kuharisha.

Siwezi kusema ndicho kilichompata mwanao. Chonge la juu huchelewa kuota, linakuta wenzake wamejaza nafasi, hata kwa mtoto asiyeguswa.

Bi Mkubwa Mikindani #35
Hapa namuunga mkono daktari bila kubakiza. Nimezika mjukuu wa dada yangu kwa jambo hilo. Waambieni wazazi wadogo waache.

Mtoto wa Nachingwea #36
Pole sana Bibi.

Mkulima Tandahimba #37
Mimi nilisikia meno kupandana ni kwa sababu watoto wa sasa wanakula vilaini, taya halikui. Babu zetu walitafuna mihogo mikavu.

Mwalimu wa Sayansi #38
Wapo wanasayansi wanaosema hivyo. Wengine wanasema ni kurithi, taya la mama na meno ya baba. Wengine kunyonya kidole, au meno ya utoto kung'olewa mapema kwa kutoboka. Inawezekana yote yana ukweli kwa watoto tofauti.

Mama Sabra #39
Amelala usiku kucha. Nta imekaa vizuri, shavu limeacha kutoka damu. Asubuhi kaomba maandazi, nikamlowekea kwenye chai iliyopoa akala moja. Mama mkwe kamwangalia akila, hajasema kitu, lakini mchana kaja na papai.

Baba Mapacha #40
Safi. Jiandae tu kwamba kila akikazwa, kila wiki nne hadi nane hivi, ataumwa tena siku moja mbili. Ila haitakuwa kama hii ya kwanza.

Fundi Mingoyo #41
Kwa wa kaka yangu ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Msimpe mama matumaini ya uhakika.

Msafiri wa Kilwa #42
Nimeusoma uzi wote. Mimi wangu ana miaka saba, meno ya mbele yametoka yamepishana. Nisubiri mpaka lini?

Kinywa Safi #43
Chama cha mabingwa wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto aangaliwe mara ya kwanza ifikapo miaka 7. Kuangaliwa tu, siyo kufungwa. Wengi hufungwa meno mengi ya kudumu yakishaota.

Mama wa Masasi #44
Akiangaliwa saa hizi na nauli ya kufuata matibabu haipo, si atabaki na wasiwasi miaka mitano? Mimi ningesubiri.

Ummu Zahra Lindi #45
Mimi ningempeleka. Wangu alinyonya kidole mpaka darasa la tatu, na laiti ningeambiwa mapema. Msafiri, kuna kliniki ya meno hospitali ya mkoa hapa Lindi, anzia hapo, Dar baadaye.